Walimu Tarajali Wanauliza: Projekta Iliyogoma, Simu Moja na Jedwali la Alama

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanachuo wa ualimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kifaa ninacho, nakitumiaje mbele ya watoto? Tumechagua saba. Zilizohitaji maelezo marefu tumezipa nafasi, na nyingine tumezijibu kwa ufupi.

Shikamooni walimu. Wiki ijayo mkufunzi anakuja kunikagua. Nina slaidi 14 za sayansi, lakini nilipojaribu kuunganisha kompyuta mpakato na projekta, ukuta ulibaki bluu ukiwa na maneno "No Signal". Baadaye picha ilitokea bila sauti. Nifanyeje nisiaibike?
*Mwalimu tarajali, mwaka wa pili*

Marahaba. Ukuta wa bluu si ubovu. Projekta inakuambia kwamba taa yake inawaka, ila tundu inalolisikiliza halileti kitu. Projekta nyingi zina matundu mawili au matatu ya kupokea picha, na kwa kawaida husikiliza moja tu. Umechomeka waya kwenye la HDMI, yenyewe inasubiri kwenye la VGA.

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Chomeka waya pande zote mbili hadi ukae sawasawa. Washa projekta, ipe nusu dakika taa ishike, kisha washa kompyuta. Bonyeza kitufe kilichoandikwa Source au Input kwenye projekta mpaka jina la tundu ulilotumia litokee ukutani. Halafu, kama kompyuta ni ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi P. Zitakuja chaguo nne. Chagua Duplicate, inayofanya ukuta uonyeshe kile kile kilicho mbele yako. Wengi huangukia Extend bila kujua. Hapo ukuta unaonyesha mandhari tupu, slaidi zimebaki kwenye kompyuta, na mwalimu anaanza kuutikisa waya usio na kosa. Extend ni nzuri siku utakayotaka kuona muhtasari wako peke yako huku darasa likiona slaidi, lakini siku ya ukaguzi si siku ya kujifunzia hilo.

Kuhusu sauti: waya wa VGA, ule wenye pini 15 na kichwa ambacho mara nyingi ni cha bluu, hubeba picha peke yake. Sauti lazima ipite kwenye waya mwingine kutoka tundu la visikizi hadi spika. HDMI hubeba vyote viwili, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kompyuta huhamishia sauti kwenye projekta, na spika ya projekta ama ni dhaifu ama haipo. Bofya alama ya spika kwenye upau wa chini, fungua orodha ya vifaa vya sauti, uchague spika unayoitaka. Na kama kompyuta yako ina tundu la USB-C tu, usidhani kila USB-C hutoa picha; baadhi hupitisha chaji na data basi. Ijaribu na adapta yenyewe kabla ya siku hiyo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza lakini mkufunzi ataliona akikaa kiti cha nyuma: ukubwa. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa kumbi ni kwamba mtazamaji wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha kwa maandishi ya kawaida, na mara 4 kama kuna tarakimu ndogo au michoro yenye vijina vingi. Chumba cha mita 9 kinahitaji picha yenye kimo cha mita 1.5. Ikiwa ukuta unakupa mita 1.2 tu, safu za nyuma zisogee hadi mita 7 hivi. Slaidi ya kawaida ina kimo cha pointi 540, hivyo herufi za pointi 28 kwenye picha ya mita 1.5 zinapata nafasi ya sentimita 8 hivi ukutani. Hizo zinasomeka. Herufi za pointi 16, ambazo kwenye kompyuta huonekana safi kabisa, zinashuka hadi sentimita 4 na nusu, na mtoto wa nyuma anaacha kusoma bila kukuambia.

Picha ikitokea pana juu na nyembamba chini, nyoosha projekta yenyewe kwanza kwa kitabu au kwa miguu yake. Marekebisho ya kielektroniki yapo, ila yanabana picha na kupunguza ukali wa herufi. Chumba chenye madirisha wazi kinataka projekta ya lumeni 3000 au zaidi. Ukiwa na dhaifu kuliko hiyo, funika dirisha lililo karibu na skrini, si yote, kwa kuwa watoto wanahitaji mwanga wa kuandikia.

Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea kwa betri lakini projekta ya taa itazimika, maana inakula wati 200 hadi 300. Kwa hiyo kwenye andalio la somo andika mstari mmoja: bila umeme, mchoro wa slaidi ya 5 nauchora ubaoni. Uchore kwenye karatasi nyumbani ili usianze kufikiri mbele ya darasa. Mwishoni, kama projekta ni ya taa ya zamani, usichomoe waya wa umeme feni ikiwa bado inavuma. Joto lililobaki ndani hufupisha maisha ya taa.

Mkufunzi aliandika kwenye fomu yangu: "Slaidi ni daftari lililobandikwa ukutani." Kila slaidi ilikuwa na maelezo kamili na niliyasoma yote kwa sauti. Kosa liko wapi?
*Wa somo la baiolojia*

Liko kwenye hayo maneno "niliyasoma yote". Mtoto anasoma kimyakimya kwa kasi yake, wewe unasoma kwa sauti kwa kasi yako, na maneno ni yale yale. Macho na masikio yanagombania kichwa kimoja. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, alionyesha kwamba picha pamoja na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha, mdomo na maandishi ya maelezo hayo hayo kwa mpigo.

Chukua mzunguko wa damu. Slaidi moja: moyo, vyumba vinne, hakuna jina hata moja. Bofya, mshale wa bluu uingie chumba cha juu cha kulia. Nyamaza, uliza: "Inakwenda wapi sasa?" Wape sekunde tano, kisha bofya: inashuka chumba cha chini cha kulia. Bofya tena, inakwenda kwenye mapafu. Inarudi nyekundu, upande wa kushoto. Majina ya vyumba unayaandika kwa chaki pembeni, moja moja, kwa kasi ambayo mkono wa mwanafunzi unaweza kuifuata. Slaidi imebeba mwendo, ubao umebeba msamiati. Ubao haujafa, jamani.

Ukitaka macho yarudi kwako, bonyeza herufi B wakati slaidi ziko kwenye maonyesho. PowerPoint na LibreOffice Impress zote mbili zitafanya skrini kuwa nyeusi, na ukibonyeza tena picha inarudi pale pale. Slaidi 14, kama za mwenzako wa barua ya kwanza, ni nyingi kwa kipindi cha dakika 40. Ukifuata mwendo huu utahitaji 4 au 5.

Darasa langu lina wanafunzi 52 na kifaa pekee ni simu yangu. Teknolojia gani hapo?
*Wa hisabati*

Simu moja inatosha kuhesabu kura. Programu ya Plickers hutumia kadi za karatasi. Kila mwanafunzi ana kadi yenye umbo lake la miraba myeusi, na pande zake nne ni A, B, C na D. Anaizungusha ili jibu lake liwe juu, anainyanyua, nawe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa. Inasoma nani kajibu nini. Kwa kuwa herufi ni ndogo na kila kadi ina umbo tofauti, jirani hawezi kunakili. Seti ya kawaida ina kadi 40, kwa hiyo wewe chapisha ile kubwa ya 63. Inahitaji intaneti wakati wa kura.

Mambo matatu huharibu zoezi. Kwanza, kadi zilizopigwa plastiki inayong'aa, kwani mwanga wa dirisha hurudi na kamera haioni kitu. Tumia karatasi ngumu isiyong'aa. Pili, vidole vinavyofunika sehemu nyeusi. Waonyeshe kushika kwenye kingo. Tatu, na hili ndilo kubwa, maswali mabovu. Jibu la uongo lisilomvutia mtu halikuambii lolote. Kwa 1/2 + 1/3, usiweke 17. Weka 2/5, la anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; weka 1/6, la anayezidisha; weka 2/6, la aliyepata asili sahihi akasahau kubadili viasi. Jibu ni 5/6, na sasa kila kura ya uongo ina jina la ugonjwa wake.

Ukishapata matokeo, usikimbilie kusahihisha. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa kura namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitumia kipimo rahisi. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakiwa zaidi ya 70, eleza kidogo uendelee. Katikati hapo, waambie wageukiane wawili wawili, kila mmoja amshawishi mwenzake kwa dakika mbili, kisha wapige kura tena. Katika darasa lako la 52, katikati ni kati ya wanafunzi 16 na 36.

Bila intaneti, karatasi nne za rangi tofauti kwa kila mwanafunzi hufanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa hupati kumbukumbu ya majina.

Tunakariri TPACK kwa ajili ya mtihani, lakini darasani sijawahi kuiona. Ni nini hasa?
*Mwaka wa kwanza*

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kujua somo na kujua kufundisha havitoshi vikikaa mbalimbali. Mwalimu ana ujuzi wa tatu unaozaliwa vikikutana, kama vile kujua mwanafunzi atajikwaa wapi katika mada fulani. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza duara la teknolojia. Basi, TPACK ni maduara matatu yanayopishana: ujuzi wa somo, wa kufundisha na wa teknolojia.

Kuiona darasani: unafundisha y = mx + c. Wanafunzi wengi huamini kwamba ukiongeza c mstari unakuwa mkali zaidi. Kwa chaki ungehitaji kuchora mistari kumi, kipindi kingekwisha. Kwenye GeoGebra, programu ya kuchorea hisabati, unaweka vitelezi viwili, m na c, unashikilia m na kusogeza c. Mstari unapanda na kushuka bila kubadili mteremko hata chembe. Kisha unashikilia c, unasogeza m. Ukiulizwa kwa nini kitelezi na si chaki, ukajibu kwa kutaja lile kosa la wanafunzi, hiyo ndiyo TPACK. Ukijibu "ili kipindi kivutie", rudi kwenye andalio.

Shule niliyopangiwa haina intaneti ya uhakika. Je, niache tu mambo ya kompyuta?
*Wa fizikia*

Usiache. Pakua ukiwa mahali penye mtandao, fundisha mahali pasipo nao. Maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaani majaribio ya sayansi yanayofanyika kwenye skrini, ni bure, mengi yana tafsiri ya Kiswahili, na yale ya HTML5 hupakuliwa kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Anza na lile la saketi. Ila waambie wanafunzi mapema kwamba betri ya kwenye skrini haichoki na nyaya zake karibu hazina ukinzani. Wakishika betri halisi, balbu itafifia na vipimo havitalingana sawasawa, na hapo ndipo pana somo zuri kuliko igizo lenyewe.

Kwa maktaba nzima kuna Kolibri ya shirika la Learning Equality. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unaingiza masomo kwa flashi au diski, na vifaa vingine vinaifikia kwa Wi-Fi ya ndani kupitia kivinjari. Usiingize chaneli nzima, kwani zenye video hujaza diski haraka. Chagua mada za muhula wako. Kosa la kawaida ni kutegemea simu iwe kituo cha Wi-Fi kwa darasa zima. Simu nyingi hukubali vifaa 10 hivi, cha 11 kinakataliwa na mwanafunzi anadhani kishikwambi chake ni kibovu. Ruta ndogo isiyo na intaneti inafaa zaidi. Kiwix nayo hukupa Wikipedia bila mtandao, ya Kiswahili ikiwemo.

Video ipime kabla ya kuipakua. Faili la megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 7.5 kwa dakika, hivyo dakika 6 ni megabaiti 45. Dakika 6 zinatosha. Andika swali ubaoni kabla ya kubonyeza, simamisha mara mbili katikati. Video ya dakika 30 isiyosimama ni mapumziko ya mwalimu.

Nimepewa kazi ya kujumlisha alama za darasa kwenye kompyuta. Nimetumia fomula ya nafasi, na wa mwisho kwenye orodha katokea wa kwanza! Nimerudia mara tatu.
*Aliyechanganyikiwa*

Pole. Hili ndilo kosa linalomleta mzazi ofisini, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Una wanafunzi 45, jumla zao ziko safu ya F, mstari wa 2 hadi wa 46. Bila shaka uliandika =RANK(F2,F2:F46,0) ukaiburuta chini. Programu ya jedwali, kwa utiifu wake, ilisogeza kila kitu pamoja nawe. Mstari wa 3 ukawa unalinganisha F3 hadi F47, wa 4 ukawa F4 hadi F48, na kadhalika. Ilipofika mstari wa 46, yule mwanafunzi alilinganishwa na seli tupu 44 zilizo chini yake. Akawa wa kwanza, maana alikuwa peke yake mashindanoni.

Dawa ni alama ya dola: =RANK(F2,$F$2:$F$46,0). Dola huigandisha orodha isisogee, huku F2 ikiendelea kushuka. Sifuri ya mwisho inasema alama kubwa ndiyo ya kwanza. Ukiweka 1, darasa linageuka chini juu. Wawili wakifungana nafasi ya 1, anayefuata ni wa 3, si wa 2. Hilo si kosa.

Ukiwa hapo hapo, kagua wastani. AVERAGE huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri. Mwanafunzi mwenye 60, 70 na nafasi tupu ana wastani wa 65. Ukimwekea 0 badala ya nafasi tupu anashuka hadi 43.33. Ni uamuzi wa shule kama asiyefanya mtihani anapata sifuri au hahesabiwi, wala si uamuzi wa vidole vyako. Uliza, kisha ufuate njia moja kwa wote.

Angalia pia namba zilizoegemea kushoto mwa seli wakati nyingine zimeegemea kulia. Hizo kompyuta inaziona kama maneno, pengine kwa sababu umeandika herufi O badala ya sifuri, na AVERAGE inaziruka bila kukuonya.

La mwisho ni kupanga majina kwa alfabeti. Ukichagua safu ya majina peke yake na kuipanga, majina yanahama na alama zinabaki. Kila mtoto anavaa alama za mwenzake, na jedwali linaonekana safi kabisa. Chagua jedwali lote kabla ya kupanga, na kabla hata ya hapo hifadhi nakala nyingine ya faili yenye tarehe kwenye jina. Baada ya kila badiliko, chukua wanafunzi watatu, wa juu, wa kati na wa chini, ulinganishe na karatasi zao kwa mkono.

Je, ni kosa kuandika andalio la somo kwa programu ya akili bandia?
*Hataki kutajwa*

Chuo chako kina kanuni zake, zisome kwanza. Kwa upande wa kazi yenyewe, programu hizo zinasaidia kutunga maswali 20 ya mazoezi ili uchague 6, au kurahisisha aya ngumu. Zinaanguka pale zisipoweza kuona: hazijui darasa lako liliishia wapi jana, na zinagawa dakika kwa shughuli ilhali hazijawahi kugawa karatasi kwa darasa la watu 52. Fanya kila hesabu mwenyewe kabla ya kuipeleka darasani. Usiingize majina wala alama za wanafunzi. Na ukiona imekutajia ukurasa wa kitabu cha kiada, fungua kitabu uutazame, maana inaweza kukutajia kwa ujasiri ukurasa wa 112 wa kitabu chenye kurasa 96.